Kigoda cha Bibi Wodini

Siku hizi wodi ile ya watoto imepakwa rangi nyingine, na vitanda vyake vya chuma vimekwenda huko vinakokwenda vitu vya zamani. Lakini ukiwakuta watu wa nyumba ile wamekaa barazani jioni, haupiti muda kabla mmoja wao hajasema, "Mnakumbuka kule wodini?" Hapo watacheka, kila mmoja na lake. Wako watu hukumbuka harusi. Hawa hukumbuka hospitali, na wala hawaoni ajabu.

Wakati huo binti yao alikuwa na miaka saba na pengo la meno mawili mbele. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amemtuma uzi dukani, na alipokuwa akivuka barabara pikipiki ikamzoa. Paja la kulia likavunjika. Hospitali hawakulitia plasta. Waliufunga mguu bandeji, wakaunganisha bandeji na kamba, kamba ikapita juu ya kigurudumu kwenye upande wa miguuni wa kitanda, na mwisho wa kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga. Mfuko unavuta, mfupa unanyooka, na ukiunga unaunga ukiwa umenyooka. Dawa yenyewe ndiyo hiyo. Kilichobaki ni kulala chali na kungoja.

Nyumbani mtoto alikuwa akiitwa Mke Mwenza. Jina hilo lilitoka kwa bibi yake mzaa baba, kwa sababu marehemu babu, tangu siku ya kwanza kumpakata, alitangaza kwamba amepata mke mdogo, mkubwa sasa afungashe arudi kwao. Babu alikwisha kwenda zake, lakini wake zake wawili waliendelea kumgombania kwa raha zao.

Bibi huyo alikuwa amemaliza umri wake sokoni akiuza nafaka nyuma ya mizani, amekaa juu ya kigoda cha mbao ambacho kilikuwa kimechongwa kwa kimo chake. Viti vya hospitali vilimwacha miguu ikielea kama ya mtoto. Kwa hiyo kila mchana alikuja na kigoda chake kwapani, na bawabu wa geti kila mchana alimuuliza kama amekuja kuhamia.

*

Zamani za nyuma zaidi, ndugu waliingia wodini saa ya kutazama wagonjwa tu. Ikilia kengele ya shaba ya Matroni, mkuu wa wauguzi, walitimuliwa kama kuku waliokuta nafaka imeanikwa, na watoto wakabaki wakilia mpaka usingizi uwachukue. Kisha akarudi kutoka masomoni muuguzi mmoja mrefu, aliyezoea kuinama hata kwenye milango isiyohitaji kuinamiwa. Watoto walimwita Sista Twiga. Yeye alishikilia kwamba mtoto hauguzwi peke yake, huuguzwa pamoja na watu wake. Mama akae, baba akae, wafundishwe kuogesha, kulisha, kugeuza, kushika vidole vya mguu kujua kama vina joto.

Matroni alimkubalia shingo upande. "Nakuachia ujaribu," alimwambia. "Likiharibika jambo moja tu, kengele yangu iko hapa mezani, haijaota kutu."

Basi wakafundishwa. Baba mtu alikuwa fundi rangi, na siku ya kwanza Sista Twiga alimrudisha kwenye bomba la maji mara mbili, mbele ya wazazi wenzake.

"Sista, hii ni rangi ya mafuta. Haitoki."

"Basi isugue mpaka iwe rangi safi."

Akasugua mpaka viwiko vikawa vyekundu, watu wakimwangalia. Lakini jioni ile alimpangusa mwanawe uso kwa kitambaa cha uvuguvugu, polepole, jinsi anavyopaka kona ya dirisha, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumnyang'anya kazi hiyo.

Mama ndiye aliyefundishwa habari za mfuko.

"Mfuko huu haugusi kitu," Sista alimwambia. "Usiguse sakafu, usiguse kitanda. Mtoto atalia, atakuomba, atakuita majina yote. Ukiuinua tu, dawa imekatika. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sista."

"Waambie na wenzako wa nyumbani."

"Nitawaambia."

Alimwambia mumewe siku ile ile. Kwa mamamkwe ulimi ulikataa. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kumwambia mama huyo fanya hivi, usifanye vile. Hata chumvi ikizidi, alisifu mchuzi kisha akaenda kunywa maji uani. Na ilikuwa heshima ya kweli, maana mama huyo alimpokea vizuri, akamlea kama aliyemzaa. Basi bibi alipofika na kigoda chake kupokea zamu ya mchana, mkwewe alifungua kinywa, akakifunga, akasema, "Mama, wewe kaa naye tu, umpigie hadithi. Mengine watafanya wauguzi."

Akaondoka kwenda kushona, na moyo ulimsuta hadi getini, kisha ukaacha.

*

Bibi aliukazia macho ule mfuko. Akauendea, akautia kiganjani, akaupima kwa mkono uliopima nafaka maisha yake yote.

"Hee! Mtoto mwenyewe kifaranga, mguu wenyewe umevunjika, na bado wanambebesha mzigo?"

"Unavuta, Bibi," mtoto alisema, na machozi yakaanza safari. "Unavuta mpaka huku."

Bibi yeyote angefanya nini? Alisogeza kigoda chini ya mfuko. Mfuko ukakaa juu yake kama mgeni aliyekaribishwa, kamba ikalegea, na mtoto akashusha pumzi ndefu.

"Sasa je?"

"Afadhali."

"Si ndiyo? Hata mpagazi njiani hutua mzigo akapumzika."

Yeye mwenyewe akaketi kwenye ukingo wa kitanda, na hapo ndipo zilipoanza zile saa za mchana ambazo mtoto huyo, leo mtu mzima, bado anazitamani. Jua liliingia kwa dirisha moja na kutokea kwa jingine. Wodi ilisinzia. Bibi alimsuka nywele, akazifumua, akazisuka upya, huku akimsimulia jinsi babu alivyokuja sokoni kununua mtama nusu kilo, kesho yake nusu kilo, keshokutwa nusu kilo, mpaka wauzaji wenzake bibi wakamuuliza ana njiwa wangapi.

"Alikuwa nao wangapi?"

"Hakuwa hata na mmoja, muongo yule."

Wakacheka mpaka kitanda kikalia. Zamu ikikaribia kwisha, bibi alichukua kigoda chake kwapani, mfuko ukarudi kuning'inia, akaaga. Hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anakwenda nyumbani, na kigoda ni chake.

Wodi nzima ikaona kwamba mtoto wa kitanda cha dirishani halii tena mchana. "Bibi, una mkono wa heri," Sista Twiga mwenyewe alimwambia, na bibi akaenda na sifa hiyo mpaka nyumbani, akawapa majirani.

*

Daktari wa mifupa aliinua picha ya mguu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akaishusha, akaiinua tena.

"Vipande vimepandana," alisema. "Huu mguu umevutwa kweli?"

"Umevutwa, daktari," Sista Twiga alijibu.

"Haukuvutwa vya kutosha. Ukiunga hivi utakuwa mfupi, na mtoto atachechemea maisha yake yote." Aliwageukia wazazi, sauti ikalainika kidogo. "Mfupa bado mbichi. Tutaongeza mchanga, tutampiga picha nyingine wiki ijayo. Mfupa ukikataa kunyooka, itabidi tumpasue, tutie chuma."

 Macho ya mama yalikuwa juu ya kile kipande cheusi mkononi mwa daktari. Kupasuliwa. Chuma. Mtoto wa kuruka kamba, ambaye hakujua kwenda dukani kwa kutembea. Baba alimshika bega na mkono wenye rangi, akamwambia wajikaze.

Mchana ule, baada ya mchanga kuongezwa, wazazi wakiwa nje kwenye benchi la korido, Sista Twiga alirudi kitandani kuchukua mkasi aliousahau. Akasita, mguu mmoja hewani. Mfuko mpya, mzito, ulikuwa umekaa juu ya kigoda. Bibi alikuwa akisuka nywele.

"Karibu, mwanangu," bibi alisema kwa furaha. "Umeona, leo wamezidisha kabisa. Nikasema mwenzangu apumzike kidogo."

"Bibi," Sista alisema polepole, "umekuwa ukifanya hivi kila siku?"

"Kila siku, wala sichoki."

*

Ofisi ya Matroni ilikuwa na kiti kimoja cha mgeni, na hakuna aliyeambiwa akikalie. Bibi alisimama mbele, kigoda kwapani. Nyuma yake mwanawe alikuwa akichokonoa rangi kwenye kucha, na mkewe alikuwa amekunja khanga mkononi mpaka ikawa kamba. Sista Twiga alisimama karibu na mlango. Kengele ya shaba ilikuwa mezani, imefutwa vumbi.

"Mama mzima," Matroni alianza, "umekula chumvi nyingi kuliko sisi sote humu. Akili hukuitumia hata chembe? Unamlegezea mtoto kamba, unamlemaza kwa mikono yako!"

Bibi alikuwa amezoea kujibizana na madalali na wateja wakorofi, watu wasio na haya.  Siku ile ushungi ulimteleza, asiurudishe.

"Kosa ni langu, mwanangu," alisema. "Hawa usiwafukuze, hawana hatia. Nifukuze mimi."

"Nitawafukuza wote. Ndiyo maana tulikuwa na saa za kuingia." Matroni akaichukua kengele.

Fundi cherehani aliitazama shingo ya mamamkwe wake, iliyosimama siku zote na sasa imeinama. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama, na mumewe asingejua, na bibi mwenyewe alikwisha kubeba lote. Aliwaza hivyo, akaona aibu hata kwa kuwaza.

"Si kosa la Mama," alisema. "Mimi ndiye niliyeambiwa. Nikaambiwa nimwambie. Sikumwambia."

Bibi aligeuka. "Hukuniambia nini?"

"Kwamba mfuko hauguswi. Kwamba ule uzito ndiyo dawa."

"Sasa kwa nini usiniambie, mwanangu?"

"Nilikuonea haya, Mama. Mimi ni nani hata nikufundishe wewe?"

 Bibi alimtazama mkwewe. "Kumbe miaka yote hii," alisema, "na ile chumvi ya mchuzi pia?"

Mama akaitikia kwa kichwa, akaanza kulia. Baba, ambaye hakujua habari ya chumvi wala ya kunywa maji uani, aliwaangalia mmoja baada ya mwingine kama aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Na mimi nimo," Sista Twiga alisema kutoka mlangoni. "Nilimfundisha mmoja, nikadhani nimefundisha nyumba nzima. Nikaona mtoto halii, nikasifu badala ya kuuliza. Matroni, ukiwatoa hawa, yule mtoto hatakula. Unamjua."

Matroni alikuwa mkali, lakini hakuwa mbaya. Aliwahi kulaza mtoto wake mwenyewe kwenye wodi kama ile, enzi za kengele, na kuondoka saa ilipolia. Hilo hakumwambia mtu siku ile. Aliiweka kengele chini bila kuiacha ilie.

"Mpaka picha ijayo," alisema. "Mchana mtu mmoja tu. Nani?"

"Tumuulize mwenyewe," Sista alijibu.

Mwenyewe aliulizwa. Hakufikiri. "Bibi," alisema.

*

"Siwezi," bibi alisema wakiwa koridoni. "Mpelekeni mwingine. Yule akinililia mimi, mikono hii itauinua yenyewe. Najijua."

"Mama, amekutaka wewe."

"Amenitaka kwa sababu mimi ndiye ninayemtua mzigo!"

Walikuwa wanawake wawili kwenye benchi moja, kigoda kati yao. Mama alijifuta uso kwa ile khanga iliyokunjamana, akaushika mkono wa mamamkwe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamfundisha. Sauti ilimtetemeka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Mfuko usiguse sakafu."

"Usiguse sakafu," bibi alirudia.

"Usiguse kitanda."

"Usiguse kitanda."

"Vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, uite Sista upesi."

"Niite Sista."

"Hata akilia, usiuinue."

Bibi akatazama ukuta.

"Mama. Hata akilia."

"Hata akilia," bibi alisema, kwa sauti ndogo sana.

*

Wiki ile ilikuwa ngumu. Mchanga ulioongezwa ulivuta kweli, na mtoto hakuelewa kwa nini mlango wa nafuu uliokuwa wazi kila mchana sasa umefungwa.

"Bibi, weka kigoda."

"Nimekikalia, Mke Mwenza."

"Inuka basi."

"Siinuki."

"Kidogo tu. Nitahesabu mpaka kumi, halafu utakirudisha."

"Nikiinuka, mguu wako utakuwa mfupi, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeukata. Siinuki."

Mtoto alilia. Alipoona kulia hakusaidii, alitukana kwa matusi ya umri wake. "Wewe si bibi yangu. Sikupendi. Ndiyo maana Babu alisema urudi kwenu. Nitakusemea kwake!"

"Nisemee. Ukimpata, mwambie na mimi nina kesi naye. Ameniacha na mke mdogo asiyejua kupika wala kufagia."

"Sitaki hadithi!"

"Hii si hadithi, haya ni mashtaka." Akaanza kuyataja. Siku babu alipovaa kofia ya kazi kwenda kuposa kwa sababu ile nzuri ilikuwa imeliwa na panya. Siku alipomfundisha baba yake Mke Mwenza baiskeli kwenye mteremko, bila kumwambia breki ziko wapi. Jinsi alivyokuwa akirudi jioni anakohoa mlangoni kabla ya kuingia, kikohozi kimoja tu, ili mwenye nyumba ajue ni yeye. Sauti ya bibi ilikwenda sawasawa kama mtu anayepepeta. Ndani yake wodi ilipotea, nyumba ya zamani ikarudi, na ua uliofagiwa, na mtu aliyependwa akikohoa mlangoni.

"Alikohoaje?" mtoto aliuliza, machozi bado shavuni.

Bibi akakohoa. Kwenye kitanda cha pili mtoto mwingine akacheka, na Mke Mwenza akacheka naye bila kupenda, kisha akakumbuka, akaanza kulia tena.

Mama aliporudi jioni aliwakuta hivyo. Mtoto amelala, uso umechafuka kwa kamasi, mfuko unaning'inia huru. Bibi alikuwa juu ya kigoda, ameshika kingo zake kwa mikono miwili, vidole vimekakamaa. Mkwewe ilibidi avibandue kimoja kimoja.

"Hukuugusa, Mama?"

"Haujaguswa. Hebu nipe maji. Na nitilie chumvi kidogo, uone kama nitakusifu."

Hapo ndipo walipocheka wote wawili, kimya kimya wasimwamshe, na baba aliyekuwa akinawa mpaka viwiko akauliza kuna nini.

*

Picha ya pili daktari aliiinua mara moja tu. "Umenyooka," alisema. Baba alitoka nje kabisa ya wodi, akasimama akiutazama ukuta wa hospitali kama anayekadiria ndoo za rangi.

Mtoto aliendelea kulala pale mpaka mfupa ukakomaa, na siku alipotua mguu sakafuni mama alikuwa upande mmoja, baba upande mwingine, na bibi mbele amenyoosha mikono. Ile kengele ya shaba ilikuwa chini ya mto wa mtoto. Matroni alimpa aipige akitaka beseni la kujisaidia, naye aliipiga hata alipokuwa hataki, mpaka Sista Twiga akaapa kuitupa.

Miaka imekwenda. Mke Mwenza ana miguu miwili ya urefu mmoja na nyumba yake mwenyewe, ila kila jioni hupita kwa wazazi. Bibi yuko ndani. Mwaka jana aliteleza bafuni, wakamtengeneza nyonga, na Sista wa siku hizi amefundisha nyumba nzima, mmoja baada ya mwingine, kwamba kila jioni bibi atembee kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, apende asipende.

Hapendi. Jana alifika katikati ya chumba, akauegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Inatosha. Nisogezee kigoda nipumzike, Mke Mwenza."

Mjukuu alikisogeza kigoda mpaka mlangoni. Akaketi juu yake yeye mwenyewe.

"Nimekikalia, Bibi."

"Inauma, mwanangu. Inauma kweli."

"Najua."

Bibi alimtazama, machozi yanamlengalenga. Mjukuu alishika kingo za kigoda kwa mikono yote miwili, na ghafla akaona aulize lile alilolibeba tangu utoto.

"Bibi, kule wodini. Ulikuwa husikii nilivyokuwa nalia?"

Bibi aliacha ukuta. Akavuta mguu mmoja, akavuta na wa pili.

"Nilisikia yote," alisema. "Usiinuke."